Kuyatoa maneno Kiingereza kuyapeleka Kifaransa: niliyoyaona Shela

Watu wakisikia nafanya tafsiri ya Kiingereza kwenda Kifaransa wanadhani nakaa mezani na makamusi makubwa kama profesa, wallahi hapana. Kazi yangu ni menyu za gesti, karatasi za kubandika vyumbani, vibao vya safari za mashua na orodha za bei. Kurasa mbili tatu tu, maneno matupu yamepangwa juu mpaka chini, sentensi hakuna. Na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu sentensi ndefu inakusaidia, likikupotea neno moja yale mengine yanakuonyesha maana, lakini neno lililokaa peke yake kwenye menyu na bei pembeni halikwambii kitu, utajijua mwenyewe.

Kifaransa nilikisomea Mombasa, pale Alliance Française, jioni baada ya kazi. Nikarudi nyumbani Lamu nikaajiriwa gesti moja Shela, kijiji cha pale pale kisiwani. Malindi kama mjuavyo ni ya Mtaliano, kule hata muuza madafu anakupigia Kitaliano bila kusita, lakini kwetu Wafaransa wapo kitambo, wengine wamenunua nyumba kabisa, na msimu ukianza mwezi wa 12 ndio wanajaa. Bi mkubwa mwenye gesti aliposikia nakijua hicho Kifaransa akaniletea bunda la karatasi za Kiingereza, akasema mwanangu nigeuzie hizi, na hii ndiyo ya zamani angalia kama yafaa.

Ile ya zamani ilikuwa imefanywa na mtu kwa simu, neno moja moja, anabandika Kiingereza anachukua kinachotoka. Jamani. Asubuhi gesti inatoa jamu ya maembe ya kupikwa nyumbani, na menyu ya Kiingereza ilijisifu kwamba ile jamu haina dawa za kuhifadhi, haina "preservatives". Kwa Kifaransa ikaandikwa "sans préservatifs". Sasa préservatif kwa Mfaransa ni kondomu. Yaani jamu yetu ya maembe haina kondomu ndani, imeandikwa kwa herufi nzuri na ua pembeni. Mama mmoja mgeni alicheka mpaka akaweka kikombe chini akamwita mumewe aje asome. Neno lililotakiwa pale ni "conservateurs", basi.

Ukishaona moja kama hilo unaanza kuyawinda. Karatasi ya safari iliwaambia wageni waje na "sensible shoes", viatu vya maana vya kutembelea, ikageuzwa "chaussures sensibles", viatu vyenye hisia, viatu vinavyolia ukivikemea. Biriani ya zabibu kavu ikaandikwa "raisins" vile vile kama Kiingereza, lakini raisin ya Mfaransa ni zabibu mbichi ya kwenye kichala, kavu lazima useme "raisins secs". Palipoandikwa "library", ile rafu ya vitabu pale juu kwenye dari, ikawa "librairie", ambayo ni duka la vitabu, kwa hiyo kuna mgeni mmoja alishuka nacho kitabu mkononi anauliza bei. Na "location", Kiingereza kikimaanisha mahali tulipo, Mfaransa akiona "location" anaelewa kukodisha, ndio maana kuna watu walikuwa wanaandika kuuliza hiyo nyumba inakodishwa kwa mwezi au kwa mwaka.

Haya yote yana sababu. Mwaka 1066 William wa Normandy aliivuka bahari akaiteka Uingereza, na baada ya hapo kwa karne kadhaa wakubwa wa kule walikuwa wanaongea Kifaransa, raia wanaongea chao. Ndio maana mnyama akiwa malishoni Mwingereza anamwita "sheep" na akifika mezani anageuka "mutton", hiyo ya mezani ni mouton ya Mfaransa. Maneno mengi yaliingia wakati ule, mengine mpaka leo yanaelewana bila shida, fruit ni fruit, orange ni orange, lakini mengine ni kama watoto wa ndugu waliolelewa nyumba mbili, sura moja tabia mbali kabisa. Mimi nimejiwekea sheria yangu, neno la Kiingereza likifanana sana na la Kifaransa ndio nalikagua zaidi, lile lisilofanana hata kidogo huwa halinisumbui.

Serviette peke yake ina kisa chake. Kenya sisi serviette ni ile karatasi laini ya mezani, na Kiingereza chetu ndicho kinavyosema. Mfaransa serviette kwake ni taulo na pia ni kitambaa cha mezani, inategemea yuko wapi. Mgeni akamtokea kijana wa zamu anaomba serviette, kijana kwa adabu zake akapanda ngazi zote mpaka juu na pakiti ya karatasi za mezani kwenye sahani, akamkuta mzee wa watu kasimama mlangoni maji yanamtiririka, kikoi kimemganda. Tangu hapo kwenye orodha zangu siiachi serviette ikae peke yake, nitaandika "serviette de bain" au "serviette de table", hata kama Mfaransa ataona nimemaliza wino bure.

Sasa tuje kwa samaki, maana hapa ndipo nilipojifunza kazi yenyewe.

Menyu ilisema "lobster". Kamusi yoyote ukifungua inakupa "homard", na si uongo, homard ni lobster. Lakini nikakumbuka mwalimu wetu Mombasa alituonyesha picha ya homard, na yule mdudu ana magando mawili makubwa mbele, ni wa bahari baridi za huko kwao. Mimi nimezaliwa Lamu, sijapata kuona kambamti mwenye magando. Nikaona bora nisikisie, asubuhi nikashuka gatini vyombo vinapoingia, ami yangu ni nahodha na siku hiyo alikuwa ameshusha kambamti wachache kwenye ndoo. Nikamsabahi nikamuonyesha picha kwenye simu. Akaitazama, akainyanyua kwenye mwanga, akanirudishia.

"Huyu wa wapi?"

"Wa kwa Wazungu, ami."

"Na wewe wataka kumuuzia mtu magando ambayo hayapo? Akiyataka mezani utayatoa wapi mwanangu?"

Akamtoa mmoja kwenye ndoo akamshika mgongoni, wa rangi ya kijani iliyokoza na madoa, miba kichwani, zile papasi ndefu zinapiga huku na huku, miguu myembamba yote, gando hakuna. Huyu Mfaransa ana jina lake kamili na ni "langouste". Kiingereza kinawaita wote wawili "lobster" kinaenda zake, Kifaransa kinawatenga. Na langouste kwao ni heshima kubwa, wala usidhani umemshusha bei.

Hapo nikaelewa kwamba Kiingereza kwenye kazi hii ni kituo cha katikati tu, na wakati mwingine ni kituo kibovu. Kitu chenyewe kiko ndooni kwa ami. Wavuvi wetu wana jina kwa kila samaki, Wafaransa nao wana bahari zao na majina yao, na katikati pamekaa Kiingereza cha mahoteli ambacho kila samaki mwekundu ni "snapper". Tewa kwenye menyu zetu anaitwa "rock cod", na ile karatasi ya zamani ikamfanya "morue de roche". Morue ni samaki wa Atlantiki ya kaskazini, ndiye yule anayekaushwa kwa chumvi, Mfaransa akisoma hivyo anajiuliza amefikaje Lamu. Tewa ni "mérou". Nguru, "kingfish", alikuwa ameandikwa "poisson roi", samaki mfalme, na hakuna Mfaransa anayemjua mfalme huyo, wao wanasema "thazard". Jodari ni "thon", huyo hana ugomvi. Kolekole ni "carangue". Kamba wakubwa naandika "gambas", wadogo "crevettes".

Njia ninayotumia, na mwenye kazi kama hii ajaribu: simrushi samaki kutoka Kiingereza hadi Kifaransa moja kwa moja. Naanza na jina la Kiswahili nililopewa na mvuvi, natafuta jina lake la Kilatini la wanasayansi, halafu kwa hilo jina ndio naingia upande wa Kifaransa. Nguru ni Scomberomorus commerson, ukilitia hilo kwenye Wikipedia ya Kifaransa unakutana na thazard uso kwa uso pamoja na picha, unailinganisha na aliyelala kwenye mchanga mbele yako. Kilatini hakina mambo ya mahoteli. Inachukua muda, ndio, bando nalo linaliwa, lakini menyu ikishaprintiwa na kuwekewa plastiki inakaa msimu mzima, na bi mkubwa harudii kuprinti kwa ajili ya samaki mmoja.

Safari za mashua nazo zina maneno yao na hapa ukikosea si kicheko tu. Kuna safari ya kwenda Takwa, yale magofu ya Kisiwa cha Manda, mji wa karne ya 15 mpaka ya 17 hivi uliohamwa. Kufika kule chombo kinapita mkondo mwembamba katikati ya mikoko na lazima maji yawe yamejaa, yakipwa mnakaa kwenye matope mpaka yarudi, iwe una tiketi ya ndege au huna. Karatasi ya Kiingereza ilisema saa ya kuondoka inabadilika na kwamba siku za "spring tide" mambo ni tofauti. Aliyetafsiri akaandika "marée de printemps". Printemps ni msimu wa machipuko huko Ulaya, kuanzia mwezi wa 3, kwa hiyo mgeni wa Januari anasoma anaona haimhusu, ni mambo ya mwezi wa 3. Kumbe "spring" ya pale haina habari na msimu, ni kule kuruka na kuinuka kwa maji, na tunayoyazungumzia ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kila mwezi wa mwaka yapo.

Mfaransa bamvua anaiita "grande marée", na mabaharia wake wanasema "vives-eaux", maji hai. Na yale maji madogo ya wakati mwezi umekuwa nusu, ambayo sisi ni maji mafu, wanasema "mortes-eaux". Maji mafu! Neno kwa neno! Nilimwambia ami jambo hili nikidhani atashangaa, hakushangaa hata kidogo, akasema kwani maji yale yangeitwaje.

Mikoko pia. Kiingereza "mangrove" ni mti na ni msitu, vyote. Mfaransa "la mangrove" ni ule msitu wa majini, mti mmoja mmoja ni "palétuvier", kwa hiyo ukiandika kwamba boriti za nyumba za Lamu ni za "mangrove" wanakuelewa kwa huruma, ukiandika "palétuvier" wanajua unaongea kuhusu mti uliokatwa ukawekwa darini. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, wageni wengi wanakuja na ule uzito kichwani, wanauliza boriti, wanauliza milango, wanauliza zidaka, vile vishubaka vya ukutani, sasa ukiwapa neno la ovyo unawaharibia.

Chombo chenyewe, Kiingereza "dhow", Kifaransa wana "boutre". Hapa kusema kweli bado nabishana na mwenyewe. Mfaransa mtu mzima boutre anaijua, vijana wengi wamesoma vitabu vya safari wanakuja na "dhow" mdomoni, na juu ya hayo boutre inabeba jahazi na mashua na kila kitu chenye tanga. Nimeishia kuandika "mashua" kwa Kiswahili na boutre pembeni mara ya kwanza tu. Na vitu vingine nimeacha kuvigeuza kabisa. Mahamri kwenye Kiingereza yalikuwa donati ya Kiswahili, kwa Kifaransa yakawa "beignets", mgeni anangoja kitu cha sukari juu na jamu ndani. Sasa naandika mahamri, halafu mstari mdogo kwamba ndani mna hiliki na tui la nazi. Tui ni "lait de coco", maji ya dafu ni "eau de coco", na hivyo viwili usivichanganye kwa mtu anayetaka kinywaji cha baridi.

Vyakula vyenyewe haviishi. Mfaransa wa Ufaransa "déjeuner" ni chakula cha mchana na "dîner" ni cha usiku. Akija Mbelgiji au Mswisi, déjeuner kwake mara nyingi ni chai ya asubuhi, dîner ni mchana, na usiku ni "souper". Tulikuwa na familia ya Ubelgiji, jiko likaambiwa dîner, wapishi wakajipanga na magharibi, wale watu saa saba mchana wamekaa mezani na watoto wamenuna. Dawa yake ni kuandika saa pembeni ya kila mlo, saa haibishani na mtu. Hao hao ndio wanaosema "septante" kwa sabini na "nonante" kwa tisini, wakati Mfaransa anakwambia sitini na kumi, na tisini kwake ni ishirini mara nne na kumi, kwa hiyo bei za mdomo mimi siziamini, bei naandika kwa tarakimu.

Habari ya "le" na "la" watu wanaitia chumvi sana. Eti kwa nini meza iwe ya kike. Ndugu yangu, wewe unasema kiti hiki, meza hii, mlango huu, embe hili, na hujawahi kumuuliza mamako kwa nini. Wao ngeli zao ni mbili tu. Mwingereza ndiye ana haki ya kulalamika maana lugha yake haina. Shida ni moja, ukilijifunza neno tupu bila le au la basi baadaye hutajua, na ile orodha ya Kiingereza haitakusaidia. Daftari langu la kwanza lilikuwa Kiingereza upande huu Kifaransa upande ule, nikalitupa, sasa kila neno linaingia na le au la yake na maneno mawili matatu linamokaa: "la langouste grillée", "un lit avec moustiquaire". Sifa nayo ikikaa hapo unajua inaongezwa herufi gani.

Walioninyoosha zaidi kuliko Wafaransa wenyewe ni Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro. Wakati wa Maulidi Lamu inapokea watu kutoka kila mahali na Wakomoro hawakosi, Habib Swaleh mwenyewe, aliyeanzisha msikiti wa Riyadha hapa Lamu, alitokea huko. Hawa Kifaransa wamekisoma shuleni, na bahari yao ni hii hii yetu, pweza wao ndiye pweza wetu. Mmoja tulikaa naye barazani baada ya alasiri nikampa menyu, akaipitia na kalamu kama anasahihisha mtihani, kwa "pieuvre" akakata akaandika "poulpe", akasema ile ya kwanza ni huyo akiwa hai anatembea, ukimla mwite poulpe. Mfaransa mgeni asingenisahihisha, angetabasamu tu aagize.

Juzi mwenye duka moja la dawa mjini kasikia habari zangu, akanifuata anataka kibao cha Kifaransa na orodha ya maneno kwa vijana wake, msimu unakaribia. Alikuwa ameshaanza mwenyewe na simu, "drug store" ikatoka "magasin de drogue". Drogue ni bangi na unga. Nikamwambia bwana ukilitundika hilo pale barabarani hata polisi wasiojua Kifaransa watakujia. Nikamuandikia "pharmacie", dawa ni "médicament", nikampa na maneno ya maradhi yanayowapata wageni hapa: kuungua na jua "coup de soleil", mafua "rhume", kuharisha "diarrhée", na "oursin" kwa yule wa miba mirefu myeusi wanayemkanyaga kwenye miamba. Akataka pia nimgeuzie vile vikaratasi vya ndani ya paketi, kiasi gani mara ngapi kwa siku, nani asipewe. Hizo nimezikataa. Akaongeza bei, nikakataa tena, nikamwambia makampuni ya dawa yana karatasi zao za Kifaransa tayari zimeandikwa na wenye kazi yao, aziagize, mimi nitamlaminetia.